Treni ya kasi Mombasa hadi Nairobi: nitie sahihi au nisitie?

“Shikamoo mhandisi. Mimi ni kijana wa Kisauni. Mtaani kwetu kuna karatasi inazungushwa ya kukusanya sahihi, tuiombe serikali ijenge treni ya kasi ya kilomita 300 kwa saa kutoka Mombasa hadi Nairobi, kama ile ya Morocco. Watu wanasema hata Tanzania wana treni ya umeme, sisi tumebaki na moshi. Hapa maskani karibu wote washatia sahihi. Ami yangu, aliyekuwa na trela mbili kabla ya SGR, hataki hata kuiona hiyo karatasi. Anasema reli ya kwanza ilimlaza na ya pili itamzika. Mamangu naye ana shamba dogo Mariakani, la tangu babu yake, halina hati. Broka ashamwendea mara mbili kumwambia auze mapema kabla reli haijapita. Mimi huenda Nairobi mara mbili kwa mwezi kikazi na siku nzima huishia njiani. Je, hiyo treni inawezekana? Nisipotia sahihi nitakuwa napinga maendeleo? Na mama afanye nini?”

Marahaba, mwanangu. Nianze na mamako, maana yeye ndiye aliye hatarini wiki hii. Asimuuzie huyo broka, wala asiweke kidole gumba kwenye karatasi yoyote anayoletewa nyumbani. Karatasi ya kukusanya sahihi si ramani ya reli, na mtu anayemharakisha mwenye shamba kwa habari za reli ana faida yake anayoitafuta. Nitarudi kwake kwa kirefu.

Sasa treni yenyewe. Nimefanya kazi ya reli zaidi ya nusu ya umri wangu, na bado kila nikikaa barazani nakuta mkanganyo huu: watu wakisikia “reli ya kisasa” wanadhani ni treni ya kasi. Jina SGR, kifupi cha Kiingereza cha “reli ya upana wa kawaida”, linataja upana tu. Ni milimita 1,435 kutoka chuma hadi chuma, wakati reli ya zamani, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ina milimita 1,000. Upana huo unaweza kubeba treni ya kilomita 40 kwa saa au ya 350. Hii yetu, iliyozinduliwa mwisho wa Mei 2017, ilichorwa kwa kilomita 120 kwa saa kwa abiria na 80 kwa mizigo. Shirikisho la kimataifa la reli huita “ya kasi” njia mpya yenye kuhimili kilomita 250 na kuendelea, au njia ya zamani iliyoboreshwa ikafika 200 hivi. Kwa kipimo hicho hata treni ya umeme ya Tanzania, inayobeba abiria wa Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024, haimo. Ile huenda 160. Mchongoko wao, jina wanaloiita ile treni yao ya umeme yenye pua ndefu, haumo vilevile. Shika neno hilo, maana wenzako wanaionea wivu treni ambayo si ya kasi, na wivu huo una maana nitakayoieleza.

Dhana ya pili ni kwamba kasi iko kwenye kichwa cha treni. Tununue kichwa chenye nguvu, tukifunge kwenye mabehewa haya haya, tufike kwa saa mbili. Kasi, mwanangu, iko chini, kwenye njia. Chukua kona. Unapopanda matatu na dereva akaizunguka Makupa bila kupunguza mwendo, unajikuta umemlalia jirani yako. Treni nayo husukumwa hivyo hivyo, na msukumo huo hukua kwa kasi mara kasi. Kutoka 120 hadi 300 ni mara mbili na nusu, lakini msukumo unapanda zaidi ya mara sita. Maana yake kona iliyopindwa kwa ajili ya treni ya 120 ingebidi ifunguliwe zaidi ya mara sita ndipo treni ya 300 ipite bila kumwaga watu. Huwezi kuifungua kona namna hiyo pale ilipo. Unahama, unatafuta ardhi nyingine, unapasua kilima kingine.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotawala upepo unaoisukuma treni usoni, na nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza. Treni ya 300 huhitaji zaidi ya kilomita 3 ili isimame. Dereva akiona kitu mbele yake kwa macho, ameshachelewa. Kwa hiyo njia nzima lazima ifungwe kwa uzio, pasiwe na ng’ombe, pasiwe na mtu wa kukatiza na baiskeli, na ndani ya Tsavo pasiwe na tembo. Reli ya sasa imeinuliwa juu ya tuta na madaraja, ikaachiwa vivuko ili wanyama wapite chini. Njia ya pili kandokando ya hii ingemaanisha ukuta wa pili katikati ya mbuga ambayo tayari ina barabara kuu na reli mbili. Wanaolitaja hilo kwenye mjadala huambiwa wanajali wanyama kuliko watu. Mimi naona wana hoja, na gharama ya kuijibu hoja hiyo ni kubwa.

Halafu kuna mizigo. Sehemu kubwa ya njia yetu ni reli moja, kwenda na kurudi, na treni hupishana kwenye stesheni. Safari yangu moja tulisimama katikati ya Tsavo, jua la saa saba. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na nilijua tumesimama kwa kuangalia chai ilivyotulia kimya mpaka nikaona taswira ya dirisha ndani yake. Mtoto wa kiti cha mbele akaanza kuhesabu mabehewa ya treni ya makontena iliyokuwa ikipita upande wa pili. Alipofika hamsini na kitu akapoteza hesabu, akaanza kulia kwa hasira. Ndipo chai ikatikisika tena. Dakika kama zile haziponywi na injini yenye nguvu. Treni ya 300 haiwezi kuishi reli moja na treni ya 80. Ingekuwa inamfuata mwenzake nyuma mpaka Emali. Inataka njia yake peke yake, ya reli mbili, yenye nyaya za umeme, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo wanachokiomba wenzako ni reli ya tatu baina ya Mombasa na Nairobi.

Umesema siku nzima huishia njiani. Tuihesabu hiyo siku. Kutoka Kisauni unavuka daraja la Nyali, unapita msongamano wa Buxton na Makupa, unaingia Changamwe, ndipo ufike Miritini. Huko unapanga foleni, unalaza mabegi chini mbwa wayanuse, unapita mashine ya kwanza, tena ya pili. Mpaka ukae kitini, zimekwenda saa mbili. Ndani ya treni ni saa tano hivi. Ukishuka Syokimau, saa nyingine mpaka mjini. Jumla saa nane. Njia ina kilomita 472 hivi. Tuchukue kwamba treni ya kasi, pamoja na kuondoka na kusimama, ingekwenda wastani wa kilomita 200 kwa saa: ungekaa ndani kama saa mbili na dakika ishirini. Umeokoa saa mbili na dakika arobaini. Si haba. Lakini bado una saa tatu za Makupa, mbwa na Syokimau, na treni haijazigusa.

Sasa hesabu njia nyingine. Njia hii hii iongezewe reli ya pili pale penye kusubiriana, iwekwe umeme, na wastani upande hadi 110 tu. Hapo ni saa nne na robo hivi. Halafu abiria apandie kisiwani, tiketi na ukaguzi vifupishwe, akifika Nairobi ateremke katikati ya mji. Tuseme saa moja imeokolewa huko kwenye ncha mbili. Jumla umepata saa moja na dakika arobaini na tano, yaani theluthi mbili ya muda ambao treni ya kasi ingekuokolea, bila kujenga reli ya tatu. Hiyo ndiyo maana ya wivu wa Tanzania. Wanachosifu watu waliopanda ya Dodoma ni umeme, utulivu na kufika kwa wakati. Njia yao ilichorwa kwa 160 tangu mwanzo, na hilo sisi hatuwezi kuligeuza kwa rangi mpya. Umeme na nidhamu ya saa tunaweza.

Inawezekana, basi? Kihandisi, ndiyo. Japani ilifungua Tokyo hadi Osaka mwaka 1964, treni zikienda 210. Morocco ilifungua yake Novemba 2018, ya kwanza Afrika, na safari ya Casablanca hadi Tangier ikashuka kutoka saa nne na dakika arobaini na tano hadi saa mbili na dakika kumi. Tazama walivyofanya, maana hili halisemwi maskani: njia mpya ya 320 waliijenga kati ya Tangier na Kenitra tu. Kutoka Kenitra kwenda Rabat na Casablanca treni hupita njia iliyokuwepo, kwa mwendo wa chini. Na njiani mna miji iliyopangana kama shanga. Sisi baina ya Nairobi yenye watu milioni 4.4 na Mombasa yenye milioni 1.2, kwa sensa ya 2019, tuna Voi, Mtito Andei, Emali, na kichaka kirefu. Treni ya kasi hula abiria wengi, kila saa, kila siku, na bila hao nauli haiwezi kubeba hata umeme wake pamoja na deni.

Deni ndilo hasa linalonikosesha usingizi. Njia ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu karibu shilingi bilioni 327, na sehemu kama tisa katika kumi zilikuwa mkopo kutoka benki ya Exim ya China. Nauli ya daraja la kawaida ilianza shilingi 700, ikawa 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500. Umeuliza kama treni ya kasi itakusaidia wewe. Uliza pia nauli yake itakuwa ngapi, na kama utaimudu mara mbili kwa mwezi.

Sitaki uondoke ukidhani gharama ikizidi basi mradi ni mbovu. Shinji Sogo, aliyeongoza shirika la reli la Japani na kuipigania ile njia ya Tokyo, alijiuzulu 1963 bajeti ilipokaribia mara mbili ya ile ya mwanzo. Mwaka uliofuata treni ikaanza, na leo hakuna Mjapani anayeuliza kwa nini ilijengwa. Upande wa pili kuna California. Novemba 2008 wapigakura waliikubali treni ya kasi ya San Francisco hadi Los Angeles kwa asilimia 52 na ushei, wakiambiwa itagharimu kama dola bilioni 33. Makadirio yamepita bilioni 100, na abiria wa kwanza bado hajapanda. Watu wale hawakuwa wajinga. Walipiga kura juu ya picha ya treni, na mashamba, mahandaki na kesi zikaja baadaye.

Hapo ndipo ilipo ile karatasi yenu. Kuungwa mkono na umma ni kitu kizito, lakini uzito wake unatokana na swali watu waliloulizwa. Ukimuuliza mtu wa Kisauni, “unataka kufika Nairobi kwa saa mbili?” nani atakataa? Mimi mwenyewe nakubali. Sasa muulize hivi: unataka kufika kwa saa mbili, tiketi ikiwa ghali mno kuliko ya leo, na ushuru wa reli ambao tangu 2013 hutozwa bidhaa tunazoagiza kutoka nje ukiongezwa, na treni yenyewe ikaja mwanao akiwa mtu mzima? Baadhi bado watasema ndiyo, na ndiyo hiyo naiheshimu, kwa sababu wameisema wakijua. Mkopo wa SGR ulitiwa sahihi 2014. Kurasa za mkataba wake zilianza kuonyeshwa wananchi Novemba 2022, treni ikiwa na zaidi ya miaka mitano barabarani. Miaka yote hiyo watu waligombana barazani, huyu akiunga mkono, yule akipinga, juu ya kitu ambacho hakuna aliyekisoma. Naumia nikikumbuka, kwa sababu mjadala mzuri ungetupa njia bora.

Na ami yako usimchukulie kama mpinga maendeleo. Mwaka 2019 lilipotoka agizo kwamba makontena ya Nairobi yote yapande reli mpaka bohari ya Embakasi, Mombasa iliandamana, na haikuwa bure. Lori moja likiondoka bandarini huacha riziki kwa dereva, utingo, wakala wa forodha, fundi wa tairi wa Changamwe, mwenye kibanda cha chai Maungu, mwenye gesti Mtito Andei. Kontena likipanda treni, hao wote huliona likipita. Septemba 2022 kazi ya kutoa mizigo ilirudishwa bandarini kwa tamko la rais mpya siku ya kuapishwa kwake, lakini aliyekwisha kuuza trela yake hakurudishiwa. Kuna jambo ami yako huenda hajaliwaza, na litamhusu: treni ya kasi haibebi makontena, ila ikiwachukua abiria, njia ya SGR inabaki na nafasi ya treni nyingi zaidi za mizigo. Kwa nchi hiyo ndiyo hoja kubwa kabisa ya kuiunga mkono. Kwa mwenye trela ndiyo hoja kubwa kabisa ya kuiogopa. Wote wawili wako sawa, na mkutano wa hadhara usiowaketisha pamoja haujafanya kazi yake.

Ningekuwa wewe, karatasi ile kama ilivyo nisingeitia sahihi. Ningemwendea aliyeiandika nimwombe abadilishe maneno: umeme kwenye njia iliyopo, reli ya pili pale penye foleni, stesheni ya abiria kisiwani, upembuzi yakinifu utangazwe kabla ya mkopo na mkataba wote uwekwe wazi kabla ya sahihi ya serikali. Na kwa ajili ya treni ya kasi, ningeomba kitu kimoja tu kwa sasa: ardhi ya njia ipimwe na kutengwa mapema, kabla nyumba hazijajaa, huku wenyewe wakilipwa haki yao. Hilo ni la maana hata kama treni yenyewe ni ya miaka ishirini ijayo. Akikataa kubadilisha, mwambie kwa adabu kwamba hukutia sahihi kwa sababu unaitaka reli nzuri kuliko aliyoiandika.

Sasa mamako. Serikali ikitaka ardhi kwa reli, Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutangaza kwenye Gazeti Rasmi, kisha huitisha kikao cha kusikiliza wenye madai, ndipo fidia ikadiriwe. Kukosa hati si mwisho wake. Kifungu cha 40 cha Katiba, ibara ndogo ya 5, kinaruhusu kulipwa fidia hata mtu anayeikalia ardhi kwa nia njema bila kuwa na hati. Neno “kinaruhusu” lina uzito, hakimlazimishi mtu. Kwa hiyo ushahidi ndio utakaomtetea: makaburi ya wazee shambani, barua ya chifu, majirani wa umri wake, picha za nyumba na miti zenye tarehe.

Miaka ya nyuma nilifuatana na wapimaji nyuma ya Mazeras, kwenye mradi mmoja nisioutaja. Bibi mmoja alikuta minazi yake imechorwa alama nyekundu za rangi. Karatasi ya fidia ilisema minazi kumi na minne. Yeye hakusoma, lakini alimshika mkono yule mpimaji kijana akamzungusha shambani, mti baada ya mti, akitaja kila mmoja aliupanda nani na mwaka wa mvua gani. Ilikuwa ishirini na tatu. Kijana alibadilisha karatasi pale pale, akiwa ameinama. Lau bibi angekuwa ameenda sokoni siku ile, minazi tisa ingepotea.

Mambo haya hayafai kumalizwa kwa kuniandikia mimi. Mpeleke ofisi ya ardhi ya kaunti ya Kilifi mkaulize shamba lile limeandikwaje, au kama limeandikwa kabisa. Mkikuta kuna jina la mtu mwingine, au broka akarudi na wazee wa kushuhudia mauzo, siku hiyo hiyo mtafuteni wakili wa ardhi na mpima ardhi mwenye leseni. Akikosa pesa ya wakili, mashirika ya msaada wa kisheria Mombasa husikiliza kesi za ardhi. Siku ya wathamini kufika, wewe uwepo nyumbani. Na kabla hamjakwenda kokote, Jumamosi hii nenda Mariakani, mzunguke shamba pamoja, muhesabu minazi.